Shemeji aliyekula hela ya viazi anarudi Ijumaa, nimpokeeje?

MamaViazi: Habari za jioni wapendwa. Niko Uyole, Mbeya, moyo mzito. Msimu uliopita mdogo wa mume wangu alipeleka Dar magunia yetu 22 ya viazi, lumbesa (yaliyojazwa kupita kipimo), kutoka Isyonje. Hela hatukuiona, simu akazima. Mtoto wetu akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Sasa amepiga: anakuja Ijumaa, hana pa kufikia. Mume anasema ndugu hatupwi. Mimi nimeshasamehe mbele za Mungu, lakini kumpikia na kumtandikia siwezi. Je, nimesamehe kweli kama mlango nimeufunga?

MsafiriKyela: Pole dada. Luka 17:3 iko wazi: akikosa mwonye, akitubu msamehe. Kuomba pa kulala si kutubu. Zakayo alitamka mwenyewe kwamba atarudisha mara nne.

BintiTukuyu: Kaka, Zakayo aliyatamka hayo Yesu akiwa ameshasema atashinda kwake.

MwalimuKipaimara: Dada, soma Yohana 21 taratibu. Petro alimkana Bwana mara tatu, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Baadaye yeye na wenzake wakavua usiku kucha bila kitu, hadi Yesu alipowaambia watupe jarife, yaani wavu, upande wa kuume: samaki wakubwa 153. Wengi huishia kwenye muujiza huo. Mimi nikifundisha, hukaa pale ufukweni. Moto wa makaa tena, samaki juu yake, na mkate. Aliyekanwa ndiye aliyepika! Petro katoka majini amelowa, ana njaa, haulizwi neno. "Njoni mfungue kinywa," yaani mle chakula cha asubuhi. Walipokwisha kula ndipo akaulizwa "Wanipenda?" mara tatu, mpaka akahuzunika. Kosa halikumezwa pamoja na samaki. Nanyi, kwa baridi hii, mpeni kwanza chakula cha moto. Kisha mume wako, si wewe, amuulize habari za magunia. Na mzigo mwingine msimkabidhi. Hilo halipingani na msamaha.

MamaViazi: Nimemsomea mume wangu, tumenyamaza wote wawili. Nilikuwa naogopa nikimpikia itaonekana yameisha. Sikuwahi kuona kwamba swali lilikuja baada ya chakula. Maharage nitapika, kuuliza ataanza mwenye ndugu yake. Kitanda bado naombea. Ndaga fijo (asante sana), mwalimu.