"Ni uzee tu": hivi kuna mtu anapanga nani atawatibu wazee?

Wakuu, nimetoka kliniki na mama sasa hivi na damu inanichemka. Nivumilieni.

Mama ana miaka 79. Ana presha, sukari, magoti, na tangu mwezi uliopita anaangukaanguka. Wa moyo kaangalia moyo, wa sukari kaangalia sukari. Nikamwaga mfuko wa dawa mezani: aina 11, mbili ni dawa ileile kwa majina tofauti. Nikauliza kuhusu kuanguka, nikajibiwa "ni uzee tu," anayefuata aingie. Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja anayehangaika na foleni nzima peke yake. Kampima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Akisimama inaporomoka, kumbe ndiyo inamwangusha! Akamrudia daktari, dozi ikapunguzwa. Kipimo cha dakika chache tu.

Mbona mtoto mchanga akiugua hakuna anayemwambia mama yake "ni utoto tu"? Kwa sababu watoto wana mabingwa wao. Wazee je?

Daktari simlaumu sana, naye kazidiwa. Nina ugomvi na wanaopanga. Kila siku ni kuzindua majengo na vitanda. Kitanda kinamgeuza mgonjwa? Kusomea udaktari ni miaka 5 au 6, weka mafunzo ya vitendo, weka ubingwa miaka mitatu au zaidi. Bingwa wa 2040 anatakiwa kuandaliwa sasa. Na msiniambie hesabu ni ngumu, wazee wa 2040 wote wameshazaliwa, tena wengi wana mvi tayari!

Shirika la Afya Duniani limeshasema ikifika 2030 mtu 1 kati ya 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, na 2050 wenye 80 na kuendelea watakuwa milioni 426. Na hiyo 2030 dunia itakuwa na upungufu wa wahudumu wa afya takriban milioni 11. Sasa nchi tajiri zinaziba pengo lao kwa kuchota wauguzi wa nchi maskini, ambako nako wazee wanaongezeka. Kanuni za kimataifa za ajira hizo zipo tangu 2010, ila ni za hiari, anayetaka anafuata.

Mama ananiuliza hapa vidonge vipi aache. Jumatano tunarudi, zamu ya daktari wa magoti. Huyo naye ataandika zake.