Naombeni ushauri: kadi ya sauti na amplifaya ya hedifoni, nimekwama

Mpiga Kinanda (mleta mada)
Habari za jioni wanajukwaa. Niende moja kwa moja. Huwa nachanganya nyimbo za kwaya nyumbani, usiku, maana mchana nipo kazini na mwenye nyumba ameshanionya kuhusu spika. Mjomba karudi toka Ujerumani kaniletea hedifoni za studio, nzuri tu. Tatizo nikizichomeka kwenye kompyuta sauti inakuja kama mtu anaongea chumba cha pili, hata nikipandisha mpaka mwisho. Halafu chini kuna mvumo, zzzzz, unakuja na kupotea. Nimepiga vumbi kasha lote, nimeweka draiva mpya, nimezima yale madoido ya Windows, wapi.
Nimeamua kununua kadi ya sauti na amplifaya. Bajeti laki tatu na nusu. Nichukue ipi? Naombeni majibu ya kiutu uzima, usiku silali.

Chogo wa Mbagala
Nimeweka kambi hapa. Wajuzi wanakuja.

Mama Kiwanja
Laki tatu na nusu ya kusikilizia muziki peke yako? Una kiwanja, mwanangu? Mbuyuni kule Chanika wenzako wanalipa kidogo kidogo, wewe unanunua nyaya.

Mpiga Kinanda
Mama shikamoo. Kiwanja kipo, hilo tuliache. Naomba tujikite kwenye mada.

Mzee Transista
Vijana mna shida. Sisi baba alikuwa na redio ya mbao, betri zikiisha nguvu tunazianika juani, jioni tunaipata RTD na taarifa ya habari ya saa mbili bila mvumo wowote. Kijiji kizima kinakaa uani. Siku moja mbuzi akatafuna waya wa antena, baba akamchinja jioni ileile. Sauti ya zile redio hamtaipata tena, hata mnunue kadi za dunia nzima.

Chogo wa Mbagala
Mzee, mbuzi alikosea nini, alikuwa anatafuta masafa tu 😂

Fundi Nusu Volti
Mleta mada, kabla hujanunua chochote nijibu matatu. Hedifoni ni aina gani na omu ngapi, yaani ukinzani wake wa umeme? Kompyuta ni aina gani? Na huo mvumo, kuna kitu chochote unakuwa umechomeka kwenye umeme unapotokea?

Mpiga Kinanda
Asante mkuu. Ni za Kijerumani, nyeusi, zina waya wa kujikunja kama wa simu za zamani na mito ya kijivu laini. Kompyuta ni HP, ina nguvu ya kutosha. Naomba tu uniambie kadi ipi ni kali, maana kuna moja nimeiona.

Kijana wa Bluetooth
Acha nyaya, chukua za bluetooth umalize kazi. Mimi nina mwaka wa pili, sijawahi kusikia mvumo.

Fundi Nusu Volti
Kwa kusikilizia kwenye daladala sawa. Kwa kuchanganya muziki hapana, sauti inachelewa. Unabonyeza kinanda sasa hivi, unasikia baadaye.
Mleta mada hujajibu. Angalia kwenye hedifoni zenyewe, imeandikwa.

Msafiri wa Mvita
Ndugu yangu, ungekuwa Nairobi ningekuambia uende Luthuli Avenue, kule kila kitu kipo, cha kweli na cha bandia vimepangwa meza moja. Uwe macho. Mimi niliwahi kuuziwa "kadi ya sauti" ya USB, kufungua ndani kipande cha plastiki na taa nyekundu.

Mpiga Kinanda
Nimeangalia. DT 990 PRO, 250 ohms.

Fundi Nusu Volti
Sasa tunaongea. Hizo Beyerdynamic zina omu 250. Kiwandani wameandika zinatoa desibeli 96 kwa miliwati moja. Pini ya kompyuta ya kawaida, pale unapochomeka hedifoni, chukulia inatoa volti 1. Volti 1 kwenye omu 250 ni miliwati 4, yaani desibeli 102. Unaweza kusema mbona nyingi. Hapo ni kilele, pale soprano wote wanapopasua. Kwaya ambayo haijabanwa, yaani tofauti ya sauti kubwa na ndogo haijapunguzwa, wastani wake unaweza kuwa desibeli 20 chini ya hapo, na pini nyingi hata hiyo volti 1 hazifiki. Ndiyo maana unamsikia mtu wa chumba cha pili. Hedifoni ya omu 32 kwenye pini hiyohiyo ingepata miliwati 31.
Kwa hiyo hedifoni hazina ubovu, zinataka volti. Kifaa cha kutoa volti 4 kinakupa miliwati 64, desibeli 114. Hapo utakuwa unapunguza, hupandishi. Tafuta kifaa cha nje cha USB chenye DAC (ile inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya umeme) na amplifaya ya hedifoni pamoja, mfano FiiO K5 Pro iliyotumika kama bajeti itafika. Ukitaka na kurekodi, chukua kifaa cha studio kama Focusrite Scarlett Solo. Hicho kinasukuma omu 250 kwa kiasi cha kufanyia kazi, ila kichwa hakitatetemeka. Na kumbuka hizo zina mgongo wazi, ukivaa karibu na maikrofoni sauti itavuja iingie kwenye rekodi.

Mpiga Kinanda
Ubarikiwe sana. Ila mkuu, kwa nini nisichukue kadi ya ndani? Nimeona Sound Blaster Z iliyotumika, muuzaji anasema inasukuma mpaka omu 600.

Fundi Nusu Volti
Kuhusu omu 600 hajakudanganya, ile kadi ina amplifaya nzuri ya hedifoni. Kama mazabodi yako ina tundu la PCIe, lile la kuchomeka kadi ndani ya deskitopu, na kasha lina nafasi, funga. HP yako ni namba gani?

Mpiga Kinanda
Muuzaji anasema kuna kifaa cha kuiunganishia na laptopu.

Chogo wa Mbagala
LAPTOPU???

Binti Sauti
Hahaha jamani. Kadi kubwa kama tofali kwenye laptopu.

Mkaguzi Huru
Samahani wakuu, mimi sijashawishika. Soma posti ya kwanza: "nimepiga vumbi kasha lote". Sasa hivi ni laptopu. Hakuna kasha, hakuna kwaya, hakuna mjomba. Hii ni chai, tena ya rangi. Huyu ni dalali, ana Sound Blaster ndani imemkalia, anapima soko. Angalieni alivyoitaja kwa jina kamili wakati hedifoni zake mwenyewe alikuwa hazijui.

Mama Kiwanja
Mimi nilishasema toka mwanzo huyu kijana ana jambo.

Msafiri wa Mvita
Hata mimi nimeshangaa. Mtu ana DT 990 kichwani hajui zinaitwaje?

Mpiga Kinanda
Jamani. Laptopu nayo inashika vumbi, nilifungua mfuniko wa chini nikapuliza. Hedifoni nimeletewa kwenye mfuko wa nguo, hazina boksi, ningejuaje? Picha hiyo hapo, mnaona laptopu na mto wa kijivu. Mimi siuzi chochote. Ukweli ni kwamba ile kadi nimeshaitangulizia laki moja na nusu, ndiyo maana naiulizia.

Fundi Nusu Volti
Umetanguliza hela halafu ndiyo unaomba ushauri?

Mpiga Kinanda
Muuzaji alisema kuna mtu mwingine anaitaka. Na mkuu nisikufiche, kulikuwa na ofa: kadi pamoja na amplifaya ndogo, wati 50 kwa 50, laki tatu vyote. Nikaona wati 50 si mchezo, hizo omu zenu zitatii zenyewe.

Fundi Nusu Volti
Hapo nimesimama kwenye kiti.
Hiyo ni amplifaya ya spika. Usithubutu. Nyingi za hizo ndogo, ile waya hasi ya kila upande haijaunganishwa na ardhi, nayo inabeba mawimbi. Pini ya hedifoni inaunganisha hasi ya kushoto na ya kulia pamoja. Ukichomeka kwa kuungaunga waya umepiga shoti, amplifaya inakufa. Na hata ukipata ambayo haifi: wati 50 kwenye spika ya omu 4 ni volti 14. Volti 14 kwenye omu 250 ni karibu miliwati 800. Hedifoni zako zimeandikiwa miliwati 100. Mjomba atatuma nyingine? Masikio je?
Na kifaa cha kuunganisha PCIe na laptopu kipo kweli, lakini gharama na usumbufu wake havistahili kwa kadi ya sauti. Kitu cha USB kinafanya kazi hiyohiyo na unakihamisha popote.
Swali langu la tatu bado hujajibu. Chomoa chaja, washa wimbo, nipe jibu.

Binti Sauti
Ya kwangu ilikuwa hivyohivyo nikirekodi matangazo. Chaja ikiingia tu, nyuki.

Mpiga Kinanda
Nimechomoa. Kimya. Nimerudisha, zzzzz. Chaja niliinunua mtaa wa Aggrey, ya awali iliungua.

Fundi Nusu Volti
Basi mvumo unatoka kwa chaja. Kifaa cha nje mara nyingi kinaukata, maana sauti inatengenezwa nje ya ubao wa laptopu, lakini anza kwa kuazima chaja halisi ya HP ujaribu. Usiku ukichanganya, fanyia kazi kwenye betri. Hiyo ni bure.

Mkaguzi Huru
Picha nimeiona. Vumbi lipo kweli. Lakini dalali naye anaweza kuwa na vumbi.

Mpiga Kinanda
Nimetoka kuongea na muuzaji. Hela harudishi, anasema labda nichukue bidhaa nyingine dukani kwake au nitafute mtu wa kuchukua kadi kwa bei ileile anirudishie changu. Scarlett Solo anayo moja ya toleo la zamani, anataka niongeze. Bado nawaza ile kadi, maana siku nikinunua deskitopu ingenifaa.

Fundi Nusu Volti
Acha kuwaza. Chukua Scarlett, nenda na hedifoni zako na laptopu, jaribu palepale kabla hujatoa shilingi, na wimbo wa kwaya yako mwenyewe usiobanwa.

Mzee Transista
Na uangalie mbuzi.

Chogo wa Mbagala
Mleta mada, samahani, hiyo Sound Blaster Z bado ipo? Mimi nina deskitopu na tundu liko wazi. Laki na nusu naweza.

Mpiga Kinanda
Ipo mkuu. Njoo inbox.

Mkaguzi Huru
Nilisema mimi!