Tupeane uzoefu: gari ya zamani inamisi, ugonjwa ulikutwa wapi?

Spana Kumi
Wakuu, mvua zimeanza na wagonjwa wameanza kuletwa. Pita Gerezani asubuhi usikie zinavyomisi, silinda moja haiwaki na injini inatetemeka: Carina, Corolla 110, IST za mwanzo, Noah za zamani. Kila mwenye gari anaambiwa sentensi moja tu, "badili plagi". Tupeane visa vyenyewe: gari gani, ilimisi wakati gani, ugonjwa ukakutwa wapi. Majibu ya "peleka kwa fundi" kaeni nayo.

Mzee wa Distributa
Corolla 110, injini 5A. Asubuhi ya mvua inamisi, jua likitoka inatulia kabisa. Ilishawekewa plagi mpya, filta mpya, mpaka pampu ya mafuta. Ugonjwa ulikuwa ndani ya kepu, kifuniko cha distributa inayogawa umeme kwa plagi: mchirizi mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka mguu mmoja wa shaba hadi wa jirani. Umeme mkali unaotoka kwenye koili kwenda kwenye plagi ukikuta unyevu na vumbi la kaboni unakatiza hapo, hauendi tena kwenye plagi. Kupangusa hakusaidii. Plastiki ikishaungua njia, kepu inabadilishwa pamoja na rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake.

Na msisahau waya za plagi. Toa mmoja mmoja upime kwa mita. Unaozidi kiloomu 25 huo umekufa hata kama kwa nje unang'aa. Bila mita, subiri giza, washa injini, nyunyiza maji kidogo kwenye waya kwa chupa ya kupulizia. Wenye ufa utaona cheche ya bluu inarukia kwenye chuma. Mikono mbali! Ukirudisha, mpangilio ni 1-3-4-2. Ukichanganya mbili itapiga baruti mtaa mzima utoke nje.

Mama Raum
Hilo la mvua ni kweli tupu. Kepu.

Koili Nne
Hizo za distributa zina wenyewe. Za sasa kila plagi ina koili yake, IST, Vitz, Raum ya pili, na kisa chake ni kingine: kuosha injini kwa presha. Kijana wa kuosha magari anapiga maji juu ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, maji yanashuka kwenye shimo la plagi na kukaa humo. Gari inatoka inang'aa, ikifika taa za kwanza inaanza kwikwi.

Fungua boliti moja ya koili kwa spana namba 10, chomoa, mulika tochi shimoni. Ukikuta maji, yavute kwa sindano yenye mpira au yapulize kwa hewa ya kompresa KABLA ya kufungua plagi, la sivyo yanaingia kwenye silinda. Ukikuta oili, sili za mashimo ya plagi kwenye tapeti kava zimekauka. Oili inalainisha mpira wa koili, mpira unapasuka, umeme unatorokea pembeni. Ukinunua koili bila kubadili sili, baada ya muda utarudi Kariakoo kununua nyingine.

Kujua koili ipi imekufa ni bure. Mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha kodi P0302, maana yake silinda ya pili. Hamisha koili ya 2 uweke 3, ya 3 uweke 2, futa kodi, endesha. Ikirudi P0303, koili ndiyo mchawi. Ikibaki P0302, hamisha plagi vilevile. Ikibaki tena hapohapo, nenda kwenye nozo inayopulizia petroli, kisha kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda.

Jua Kali
Mashine ya nini? Injini ikinguruma chomoa waya za plagi moja moja. Ukichomoa ambayo mlio haubadiliki, silinda hiyo ndiyo imelala. Ndivyo tunavyofanya miaka yote.

Koili Nne
Na miaka yote mnaua igniter za watu, kile kifaa kinachoamrisha koili. Waya ukining'inia hewani, umeme unatafuta pa kutokea: kwenye mkono wako au ndani ya koili yenyewe. Chomoa soketi ya nozo. Jibu ni lilelile, na petroli haimwagwi mbichi kwenye eksozi.

Jua Kali
Soketi za nozo za gari la 1998 ukizigusa zinavunjika kishikio. Hilo hulisemi?

Koili Nne
Bonyeza waya wa klipu taratibu, mzee, usivute kwa bisibisi.

Goba Juu
Hiyo ya petroli mbichi mmenikumbusha IST moja huku kwetu, ngoja niiandike yote.

Ilikuwa inamisi silinda moja. Fundi mmoja akachomoa soketi ya koili mbovu, akamwambia dereva "itembelee tu mpaka Jumatatu, itakuwa nzito lakini inafika". Nozo ya silinda hiyo akaiacha inafanya kazi. Hesabuni wenyewe: kila zamu yake ikifika, petroli na hewa vinaingia, havichomwi, vinasukumwa vizima mpaka kwenye masega, kile kisafishio cha moshi ndani ya eksozi. Masega yanafanya kazi yakiwa ya moto, kwa hiyo petroli inawakia humohumo. Taa ya cheki injini ilikuwa inapepesa, haijatulia. Kwa gari zenye mfumo huo, kupepesa maana yake masega yanaungua sasa hivi, punguza mguu. Dereva akadhani taa ina lusi, waya umelegea.

Foleni ya Mwenge, foleni ya Tegeta, hakuna upepo chini ya gari. Harufu ya mayai yaliyooza ikaingia ndani. Gari ikazidi kukosa nguvu, naye akazidi kukanyaga, kumbe masega yameanza kuyeyuka na kuziba moshi usitoke. Kufika nyumbani akaegesha juu ya majani makavu pembeni ya ukuta. Ukiinama ulikuwa unaona chungu cha eksozi kimekuwa chekundu. Majani yakashika. Vijana wakaja na ndoo, mmoja akamwaga maji moja kwa moja kwenye eksozi, ikapasuka kwa mlio. Mchanga ndio uliouzima. Kapeti la mbele likawa limeungua kutokea chini, waya wa oksijeni sensa umeyeyuka.

Kilichokuwa kinatakiwa ni koili moja.

Mama Raum
Yesu wangu. Dereva alitoka salama?

Goba Juu
Salama. Alishashuka.

Chuma Chakavu
Ndiyo maana mie nasema toa masega, weka bomba tupu. Unapata na hela ya kuyauza.

Mzee wa Distributa
Wewe unanunua masega, lazima useme hivyo. Masega hayakuwasha moto, petroli isiyochomwa ndiyo iliwasha. Ukiyatoa gari itaendelea kumisi, safari hii na kelele juu.

Chuma Chakavu
Nanunua, ndiyo, na bei zangu ni nzuri kuliko za mtaa wa pili. Karibuni 😂

Spana Kumi
Turudi kwenye mada. Mlimani je? Kuna gari zinatulia kwenye tambarare, zikianza kupanda Kimara zinakohoa.

Koili Nne
Hiyo ni plagi au koili dhaifu, mara nyingi. Ukikanyaga, hewa nyingi inaingia, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi kuruka. Kama nafasi ya plagi imeliwa mpaka imepanuka, inashindwa. Plagi yenye namba inayoishia 11 nafasi yake ni milimita 1.1. Pima kwa fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, hata kama imetoka kwenye boksi, kwa sababu ikianguka sakafuni mdomo unajipinda. Plagi ni nzima na mlimani bado inakohoa? Pima presha ya petroli, filta au pampu inaishiwa.

Jua Kali
Weka plagi za iridiamu umalize.

Mama Raum
Iridiamu feki zimejaa. Bora ya kawaida halisi, unabadili kila kilomita 20,000.

Kigamboni Feri
Mie naongeza kinyume cha Kimara: inayomisi kwenye sailensi tu, injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, ukipiga resi inapona. Noah yenye 3S. Hapo tafuteni hewa ya wizi, inayovujia ndani ya injini. Mipira ya vakyumu ya umri huo imekauka, inapasuka kwenye shingo inapochomekwa. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogokidogo kwenye mipira na kwenye gasketi ya manifoldi. Mlio ukibadilika umepata. Injini isiwe ya moto sana, na kopo mbali na eksozi, tumeshasikia ya Goba. Angalieni na waya wa ethi kwenye injini, huku pwani chumvi inaula kwa ndani ya kichwa chake.

Mgeni wa Mbagala
Wakuu, Corolla 110 (5A) imebadilishwa kepu, rota, waya, plagi, nozo zimesafishwa. Bado inamisi. Kompresheni imepimwa leo, silinda ya 1 hadi ya 4: psi 180, 95, 100, 175. Fundi anasema pete za pistoni zimekwisha, tushushe injini.

Mzee wa Distributa
Kwa 5A nzima ni kama psi 191, chini ya 142 ni mgonjwa, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Zako mbili zilizolala ni jirani, ya 2 na ya 3. Hiyo inanuka gasketi ya kichwa iliyoungua katikati yao, siyo pete. Mwambie apime tena: injini ya moto, plagi zote nje, umeme wa distributa na nozo umechomolewa, pedali ya mafuta chini kabisa, betri iliyojaa. Kisha amimine kijiko cha oili kwenye ya 2 na apime. Ikipanda sana, pete. Isipopanda, fungueni kichwa tu, injini ibaki kwenye gari. Na kichwa kikiwa mezani akiwekee rula ya chuma, kama kimepinda kikachongwe kwanza.

Mgeni wa Mbagala
Ameweka oili. Imetoka 95 ikaja 100.

Mzee wa Distributa
Nunua gasketi na boliti mpya za kichwa.