Vituo vya Kiingereza, acheni kutuuzia paka na mbwa!

Wakuu, habari za usiku. Nimetoka zamu sasa hivi na hasira bado imenikaa kooni, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kwa ukali.

Nahudumia wazee huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa pili huu. Kabla ya kusafiri nililipa laki tatu na nusu kwenye kituo kimoja cha Kiingereza pale Dar, kozi ya wiki sita ya watu wanaokwenda kufanya kazi nje. Ukurasa wa 14 wa kitini chao umeandikwa "Nahau za Hali ya Hewa", na ya kwanza kabisa ni "raining cats and dogs", yaani inanyesha paka na mbwa, mvua kubwa. Tuliikariri kama ngonjera. Tulitungiwa sentensi, tukapewa mtihani. Nina miezi ishirini hapa, mvua yenyewe mnaijua, na sijamsikia mtu hata mmoja kazini akiitamka. Si mzee, si kijana.

Mvua kubwa wanachosema ni "chucking it down", "tipping down", "bucketing down". Wazee wa Yorkshire wana yao, "siling down". Manyunyu wanaita "spitting", yaani mvua inatema mate. Baridi ikianza kuuma utasikia "nippy" au "parky", ikizidi ni "Baltic", kama ile bahari, au "brass monkeys", nyani wa shaba. Msimamizi akikwambia yuko "snowed under" hazungumzii theluji, kazi zimemzidi, na atakwambia hivyo hata mwezi wa saba. Fungua kitini uniambie umeona lipi humo. Hakuna hata moja!

Lakini lililonifanya nifungue uzi huu ni hili.

Ilikuwa Januari, asubuhi. Bibi mmoja wa miaka 91 alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikipita akanishika mkono: "I'm starved, love." Kwa nilivyofundishwa hiyo ni njaa, basi. Nikaenda mbio jikoni nikamletea tosti na jamu. Akaitazama, akarudia lilelile, sauti imeshuka. Nikadhani hataki jamu, nikarudi kumchukulia uji. Nilipokuwa namsogezea kijiko ndipo nikaviona vidole, kucha zimekuwa zambarau. Mwenzangu mmoja, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa anapita mlangoni. Alisikia mara moja tu. Akavuta blanketi, akafunga dirisha lililokuwa limeachwa wazi kidogo, akapiga magoti akaishika ile mikono ndani ya mikono yake mpaka ikapata joto.

Kumbe kwa wazee wa kaskazini "starved" ni kuganda kwa baridi. Nilikwenda kulisoma baadaye. Neno hilo kwenye Kiingereza cha kale lilimaanisha kufa tu, kufa kwa chochote, na lina undugu na "sterben" ya Wajerumani. Kwingine likabaki na njaa, huku likaendelea kubeba na baridi. Lina karne nyingi, si la vijana wa jana, na wanaolisema ndio haohao wazee tunaoletwa huku kuwalea.

Binti wa yule bibi alikuja kumwona siku hiyo, akalalamika kwa msimamizi, nikaandikiwa onyo. Onyo nimelikubali. Yule bibi alikaa na baridi kama dakika ishirini huku mimi nashughulika na jamu, na ingekuwa mama yangu ningelalamika vilevile.

Nikawaandikia kituo, kwa adabu kabisa, wabadilishe ule ukurasa. Jibu: "Kitini chetu ni cha viwango vya kimataifa." Mstari mmoja. Kimataifa ya wapi? Watu wanauza viwanja, wanakopa vikoba ili wapate ada, halafu mnawapa misemo ambayo anayewapokea hata haitumii!

Na uongo juu. Mwalimu alitufundisha kwamba zamani Uingereza paka na mbwa walilala kwenye mapaa ya nyasi, mvua ikinyesha wanateleza wanaanguka, ndiyo asili ya msemo. Darasa zima tuliandika. Jamani, sisi tunazijua nyumba za nyasi, wengine tumezaliwa humo. Ni mbwa yupi analala juu ya paa, tena wakati wa mvua? Hadithi hiyo ilitapakaa kwa barua pepe mwaka 1999 pamoja na uzushi mwingine kuhusu maisha ya karne ya 16. Msemo wenyewe unaonekana kwenye maandishi kuanzia miaka ya 1650, mara mbwa na paka, mara mbwa na vicheche, na mwandishi Jonathan Swift akauchapisha kama tunavyoujua leo mwaka 1738. Asili yake haijathibitishwa. Mwalimu anayelipwa alikuwa na wajibu wa kusema hivyo.

NYONGEZA: Kwa mkuu aliyeandika kwamba lahaja haifundishiki. Si zote zinazofundishika, nakubali. Lakini kituo kinajua wanafunzi wake wanakwenda kufanya kazi gani. Saa moja tu ya kuwasikilizisha wazee wa kaskazini wakiongea ingetosha kututia tahadhari. Na kuna jambo dogo zaidi ya hilo ambalo hakuna aliyetuambia: mzee akikwambia yukoje na huna uhakika, mguse mikono kwanza, umuulize tena, ndipo uende jikoni.

Mlioko Scotland nasikia mna "dreich", siku ya mawingu na unyevu isiyokwisha. Mlioko Cornwall, Wales, Belfast, wekeni hapa chini yale mnayoyasikia wodini na kwenye nyumba za wazee, hasa yanayohusu baridi na maumivu. Kuna wadogo zetu wanapanda ndege mwezi ujao. Nitayakusanya nikishuka zamu ya Jumapili.