Naomba ushauri: vyuma vidogo vya gitaa la kulaza mapajani

Wakuu, habari zenu. Natengeneza gitaa la kulaza mapajani, lile la kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Ubao ni mninga, nyuzi 6, kutoka kizingiti (kipande kinachobeba nyuzi upande wa kichwa) hadi daraja (kile cha upande wa pili) ni sentimita 57. Mbao imenikubali, vyuma ndivyo vinanitesa.

Kizingiti nimekata kwenye chuma cha engo (chenye umbo la L) cha inchi moja, mifereji nikachonga kwa tupa ya pembe tatu. Uzi wa kwanza unalia kama nzi aliyenaswa chupani. Nikimulika tochi naona mfereji umekuwa mpana, uzi unacheza humo ndani. Nijazie kwa kuchomelea nichonge upya, au nihamie shaba? Na ule mteremko wa kuelekea kwenye vikazio (vile vya kukazia nyuzi), mnauacha mkali kiasi gani?

Halafu chuma cha mkononi. Nondo ina matuta, haifai. Nimepata pini ya pistoni ya lori, laini kabisa ila ina uwazi katikati. Inatosha, au nitafute stenlesi nzima? Fundi wa kukereza hapa mtaani kanitajia bei, nikamuaga nikaondoka.

Keekee ninayo, jiriwa naazima kwa jirani (akiwa na furaha).