Kushona viraka melini, Seattle hadi Alaska: nibebe nini?

Mama Viraka: Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Kikundi chetu cha mifarishi ya viraka hapa Tacoma kinapanda meli mwezi wa sita kwenda Juneau na Ketchikan, tukishona humo humo. Mtanzania ni mimi peke yangu. Nimekata khanga, nataka wenzangu waone mji wa khanga unavyopendeza katikati ya mfarishi, pindo likiuzunguka. Nibebe cherehani? Pasi ya nguo? Nina grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), sina uraia.

Binti Lamu: Pasi iache nyumbani, dada. Meli nyingi hazitaki pasi za abiria kwa hofu ya moto. Ya kikundi huwekwa ukumbini. Muulize kiongozi wenu cherehani ni za aina gani ndipo ununue sindano na bobini. Mkasi chukua mfupi, meli nyingi huzuia wenye makali ya kupita inchi 4.

Fundi Saidi: Pasipoti ya Tanzania usiisahau, pamoja na grinikadi. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1886, meli ya kigeni ikitoka Seattle na kurudi hapo hapo lazima ipitie bandari ya nchi nyingine. Ndiyo maana nyingi hutia nanga Victoria, Kanada.

Binti Lamu: Halafu zifue khanga kabla hujashona! Nyekundu ikichuja kwenye nyeupe, kazi yote imeharibika. Na Ketchikan shuka, ukaone nguzo za kuchonga za Watlingit, wenyeji wa asili wa huko. Kushona kuna siku za baharini.

Mama Viraka: Nimewasikia, asanteni sana. Khanga naziloweka jioni hii.