Mkataba wa miaka mitano kwa rubani mchanga: amwage wino au asubiri?

Mjomba wa Kiwira: Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana leseni ya rubani wa biashara na saa 214 za kuruka. Alisomea Afrika Kusini. Shemeji aliuza ekari za chai hapa Rungwe, dada akaongezea mkopo. Kijana ana miezi 11 nyumbani anasaidia kupakia ndizi. Kijiji kizima kinamwita Kapteni, na siku hizi hata hacheki.

Sasa shirika moja dogo limemwita. Litamlipia mafunzo ya ATR, zile pangaboi za abiria, kisha alitumikie miaka 5. Akiondoka kabla, arudishe dola 30,000 zote. Aondoke mwezi wa pili au wa 59, deni ni lile lile. Mimi naona ni utumwa wenye sare. Shemeji anasema asaini leo leo. Hivi ni haki kumfunga mtoto namna hii?

Mzee wa Caravan: Marahaba. Nimerusha Caravan, zile ndege ndogo za injini moja, miaka sita; uwanja wa Nduli pale Iringa naujua mpaka mbuzi wa jirani. Mjomba, rubani wa saa 200 hana mshahara wa kubishania, ana saa za kutafuta. Ukapteni wa ndege kama hiyo unataka leseni ya juu, na leseni hiyo huipati chini ya saa 1,500. Akiruka 600 kwa mwaka, miaka miwili na ushee kafika, na hapo hata mashirika ya nje yatamtaka. Ndiyo sababu wanamfunga: wao wapande, jirani avune? Unamlaumu mwenye shamba kwa kuweka uzio.

Tena huku kwetu ndiko shule yenyewe. Viwanja vya Songwe, Mbeya, na Nduli viko juu zaidi ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, jua likiwaka ndege inakula barabara ndefu kabla ya kupaa. Na ukungu wa Songwe, acheni tu. Nimeshageuza ndege nikarudi kwa sababu yake, abiria wananuna kama vile nimeuleta mimi.

Mama Parachichi: Mzee, uzio sawa, lakini deni lisilopungua? Mimi nikimkopesha mtu mbolea, akilipa nusu inabaki nusu. Halafu hizo saa 600 nani kaahidi? Shirika la Fastjet liliacha kuruka hapa nchini mwishoni mwa 2018. Mwaka 2022 baadhi ya ndege za Airbus A220 za ATCL, yaani Air Tanzania, zilisimama kwa shida ya injini, na hilo ni shirika la serikali. Hao wenye ndege mbili, moja ikilala gereji mtoto anakaa benchi. Saa haziongezeki, na kuondoka hawezi.

Wakili wa Gangilonga: Kisheria ni hivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu, na rubani yumo. Akitaka kuondoka hakuna wa kumfunga kamba, atadaiwa pesa tu. Na Sheria ya Mikataba, sura ya 345, haimpi mdai kiasi kilichoandikwa hivi hivi. Anapata fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi hicho. Kudai dola 30,000 kamili mwezi wa 59, mwajiri atakuwa na maelezo ya kutoa. Ila kesi inakula muda, Mjomba.

Mzee wa Caravan: Mama Parachichi kanibana. Nami niliwahi kukaa chini miezi minne tunasubiri injini, nikapishana na nafasi nzuri kwa sababu ya karatasi kama hiyo. Lakini kusubiri nyumbani bado nakataa. Ukipitisha siku 90 bila kupaa na kutua angalau mara tatu, hubebi abiria mpaka ufufuliwe. Huyo ana miezi 11!

Aombe mambo mawili. Deni lishuke dola 500 kila mwezi, miezi 60 liishe. Na wakimpa chini ya saa 30 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, awe huru kuondoka bila kulipa.

Mama Parachichi: Wakikataa?

Mzee wa Caravan: Wakikataa la kwanza asaini, Wakili kashasema mahakama ina pa kumshikia. Wakikataa la pili asisaini. Benchi halina fidia.

Mama Parachichi: Hapo ndipo nilipotaka ufike.

Mjomba wa Kiwira: Ndaga fijo, asanteni sana wakuu. Nimempigia shemeji, kasema nikiharibu, ada nitarudisha mimi. Kijana mwenyewe, kumbe hakuna aliyemuuliza! Anasema miaka mitano haimtishi, anachoogopa ni kurudi kwenye ndizi akiwa amevaa sare. Jumatatu tunapanda basi la Dar, hayo mawili nimeyaandika kwenye karatasi.